Kabla Hujashuka Mlima Kununua RAM

Ukiishi Msangeni, kosa dogo la dukani lina nauli yake. Unashuka kutoka Ugweno hadi barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, unapanda gari la Moshi, unazunguka madukani kutafuta RAM ya kompyuta yako mpakato, unapandisha mlima jioni na kipande cha saketi kisichofika sentimita saba kwa urefu, na ukijaribu kukiweka kinagoma kuingia. Kesho ushuke tena. Na muuzaji naye ana karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kuongeza kumbukumbu ya kompyuta ifanyike huku huku juu, kabla pesa haijatoka mfukoni. Kufungua kifuniko na kuisukuma RAM mahali pake ni dakika kumi. Ugumu uko kwenye kujua ni RAM ipi, mashine inakubali kiasi gani, na kama kweli ni RAM inayokosekana.

Hatua ya kwanza: jua RAM ni nini

Swali linaloulizwa sana ni hili: "Kompyuta yangu ina GB 500, mbona bado nzito?" Hizo 500 ni za diski. Diski huhifadhi mitihani, picha na programu hata umeme ukikatika wiki nzima. RAM ni kumbukumbu ya kazi: kila unachofungua hutolewa kwenye diski kikawekwa kwenye RAM, na prosesa hukifanyia kazi kikiwa humo.

Mtu wa Upareni ana ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya shamba, kwa hiyo hapa hahitaji maelezo marefu. Kijito ni chembamba. Ukikielekeza shambani moja kwa moja, maji yananyonywa na mfereji kabla hayajafika. Basi yanakusanywa usiku kucha kwenye ndiva, na zamu yako ikifika yanafunguliwa kwa wingi. Diski ni kijito, RAM ni ndiva, prosesa ni shamba. Ndiva ikiwa ndogo, maji yanakatika katikati ya zamu na shamba linarudi kusubiri kijito. Ndicho kinachotokea unapofungua ukurasa mmoja zaidi wa kivinjari na taa ya diski ikawaka bila kupumzika: RAM imejaa, na Windows imeanza kuhamishia sehemu ya kazi yako kwenye diski ili ipate nafasi, kisha kuirudisha unapoihitaji tena.

Kila biti ndani ya RAM ni chaji ndogo ya umeme kwenye kapasita moja inayofunguliwa na transista moja. Muundo huo aliubuni Robert Dennard wa IBM mwaka 1966, na ndio unaotumika mpaka leo. Chipu ya Intel 1103 iliyoingia sokoni 1970 ilibeba biti 1,024. Kipande cha GB 8 cha leo kinabeba zaidi ya bilioni 68. Chaji hizo huvuja, na kwa kawaida kila moja hujazwa upya ndani ya milisekunde 64. Umeme ukikatika hakuna wa kuzijaza, na kila kilichokuwa humo kinapotea. Kwa hiyo anayetarajia kwamba RAM kubwa itamwokolea kazi aliyoandika bila kuhifadhi, ajue mapema: dawa ya hilo ni betri nzima na mazoea ya kubonyeza Ctrl na S.

Hatua ya pili: pima kabla ya kulaumu

Fungua kompyuta, kisha fungua kila kitu unachokitumia siku ya kazi kweli: kivinjari na kurasa zake zote, faili la Excel la matokeo ya darasa zima, WhatsApp ya kompyuta kama unaitumia. Fanya kazi robo saa. Mashine ikianza kusuasua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ifunguke Task Manager, nenda "Performance", na utazame mistari mitatu: CPU, Memory na Disk.

Memory ikiwa imepita asilimia 85 au 90 na Disk nayo iko 100, una upungufu wa RAM. Endelea na mwongozo huu.

Memory ikiwa 50 au 60 huku Disk iko 100 kwa muda mrefu, RAM haina kosa. Tatizo ni diski, na mara nyingi ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka. Kuongeza RAM hapo ni kutupa pesa; nunua SSD, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka. Na niseme wazi jambo ambalo wauzaji wa RAM hawalisemi: kama una mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, na pesa inatosha kitu kimoja tu, anza na SSD. Hata RAM ikijaa, kuhamisha kazi kwenda SSD na kurudi ni kwepesi mara nyingi zaidi kuliko kwenye diski ya zamani.

CPU ikiwa 100 na viwili vingine vimetulia, usinunue kitu. Tazama ni programu gani inakula prosesa. Huenda ni Windows inajisasisha, huenda ni kirusi kilichokuja na flashi ya stationery, huenda ni feni iliyojaa vumbi na mashine inajipunguzia kasi ili isiungue.

Kwa wanaotumia Linux, andika free -h kwenye terminali na utazame safu ya "available". Safu ya "free" huwa na namba ndogo inayotisha bure, kwa sababu Linux hutumia RAM iliyolala kutunzia mafaili ya diski na kuiachia papo hapo programu ikiihitaji.

Kiasi gani kinatosha? Kwa kuandika, kujaza mahesabu na kuvinjari intaneti, GB 8. Ukihariri video za harusi au kuendesha mfumo mwingine ndani ya mfumo, GB 16. GB 4 inatosha kwenye Linux nyepesi kama Mint, na kwenye Windows 10 inavumilika kwa mtu anayefungua kitu kimoja kimoja. Windows 11 inakubali kuwekwa kwenye GB 4, lakini kukubali kuwekwa na kufanya kazi ni mambo mawili.

Kabla hujasonga mbele, fungua Settings, System, kisha About, usome mstari wa "System type". Ukikuta imeandikwa "32-bit operating system", simama hapo. Windows ya biti 32 ya watumiaji wa kawaida haivuki GB 4, na sehemu ya hizo huchukuliwa na vifaa vingine. Mashine nyingi za mtumba zina prosesa ya biti 64 lakini fundi aliyeziwekea Windows alikuwa na CD moja tu, ile ya biti 32. Utaweka GB 8 na kompyuta itatumia tatu na ushee. Hapo kwanza ibadilishiwe Windows, ndipo uongelee RAM.

Jambo jingine la kupima ni umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane hivi. Kompyuta mpakato nyingi tunazonunua za mtumba ni za kizazi cha nne hadi cha sita. Zina miaka mizuri mbele yake zikiwekewa Linux, na GB 8 zinaziwezesha sana. Lakini mashine ya Core 2 Duo usiitafutie RAM. RAM ya kizazi cha DDR2, ambayo nyingi za mashine hizo hutumia, ni adimu, bei yake hailingani na faida, na prosesa yenyewe itakuangusha.

Hatua ya tatu: iulize mashine yenyewe

Kwenye Task Manager ile ile, bofya Memory, tazama chini kulia. Kuna mistari mitatu yenye thamani kuliko maneno ya fundi yeyote.

"Slots used" inakuambia nafasi ziko ngapi na zilizotumika ni ngapi. "1 of 2" ni habari njema: unaongeza bila kutoa. "2 of 2" ina maana utatoa kimoja au vyote. "1 of 1", kama ilivyo kwenye ThinkPad X240, ina maana kile cha GB 4 kitoke ndipo cha GB 8 kiingie.

"Form factor" ikiandika SODIMM, RAM yako ni ile fupi inayochomolewa. Ikiandika DIMM ni ile ndefu ya kompyuta ya mezani. Ikiandika "Row of chips", chipu zimechomewa kwenye mazabodi kiwandani. Baadhi ya mashine za hivyo zina sloti moja ya nyongeza. Nyingine hazina kitu, na safari yako ya RAM inaishia hapo. MacBook Air zote ziko hivyo, na kompyuta nyembamba nyingi za miaka ya karibuni pia. Ni jambo la kuulizia kabla ya kununua kompyuta.

"Speed" inakupa fununu ya kizazi. Namba 1333 au 1600 ni DDR3. Kuanzia 2133, 2400, 2666 hadi 3200 ni DDR4. Kuanzia 4800 kwenda juu ni DDR5. Ukitaka uhakika, fungua PowerShell uandike Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory, kisha utafute mstari wa SMBIOSMemoryType: 24 ni DDR3, 26 ni DDR4, 34 ni DDR5. Kwenye Linux amri ni sudo dmidecode -t memory. Jihadhari tu na mstari wa "Maximum Capacity". Watengenezaji wengi huujaza ovyo, na namba yake inaweza kuwa ndogo au kubwa kuliko ukweli. Kiwango cha juu kitafute kwenye kijitabu cha huduma cha mtengenezaji, ambacho HP, Dell na Lenovo hukiweka wazi kwenye tovuti zao kwa jina la modeli. HP EliteBook 840 G1, kwa mfano, ina sloti mbili za DDR3L na inafika GB 16.

Vizazi havichanganyiki. Kila kizazi kina pengo lake kwenye ukingo wa dhahabu, limehamishwa makusudi ili cha jirani kisiingie, na umeme wake ni tofauti: DDR3 ya kawaida volti 1.5, DDR4 volti 1.2, DDR5 volti 1.1. Kuna mtego mmoja ambao pengo halikulindi dhidi yake. DDR3L inatumia volti 1.35 na inaingia kwenye sloti ile ile ya DDR3. Kompyuta mpakato za Intel za kizazi cha nne zinataka hiyo yenye L. Ukiziwekea DDR3 ya volti 1.5 itaingia, itakaa vizuri, na kioo kitabaki cheusi. Hapo ndipo watu hudhani wameua mashine. Ukikuta mashine ya DDR3 na hujui, nunua yenye L, maana karibu zote huwa zinakubali kufanya kazi kwenye volti zote mbili.

Hatua ya nne: fungua, usome lebo, upige picha

Fungua mashine kabla hujaenda dukani, si baada. Mashine kama ile 840 G1 kifuniko chake cha chini hutoka kwa kusukuma kilango tu. Nyingine zina skrubu kumi na zaidi za urefu tofauti. Zipange mezani kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Maelekezo ya kuzima na kutoa betri yako kwenye hatua ya saba, yasome kwanza.

Lebo ya RAM inasomeka hivi: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. GB 8 ni ukubwa. PC3L ni DDR3 ya volti ndogo. 12800 ni megabaiti kwa sekunde; gawa kwa nane upate 1600, ile kasi uliyoiona kwenye Task Manager. S ya mwisho ni ya kompyuta mpakato, U ni ya mezani, na R ni ya seva. Kwenye DDR4 herufi hiyo huja mbele kidogo, mfano PC4-2400T-SA1, ambapo S iko kwenye SA1.

Hiyo R ikumbuke. RAM za seva za DDR3 na DDR4 zilizotolewa kwenye vituo vya data huuzwa rahisi, zina urefu na pengo sawasawa na za kompyuta ya mezani, na zinaingia bila shida. Kompyuta ya kawaida ya mezani haitawaka nazo. Mtego mwingine wa DDR3 za mezani ni zile za GB 8 za bei ya kushangaza zinazoandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni za mashine zenye prosesa ya AMD tu. Kwenye kompyuta ya mezani kama OptiPlex yenye prosesa ya Intel hazifanyi kazi.

Piga picha ya lebo, picha ya sloti, na picha ya jina la modeli lililo chini ya mashine. Hizo picha tatu ndizo utakazoshuka nazo.

Hatua ya tano: tafuta kwanza kwenye mashine zilizokufa

Hapa ndipo naona watu wa huku wanapoteza mali iliyo mikononi mwao. Ingia kwenye chumba cha kompyuta cha shule nyingi za sekondari utakuta mashine za mezani za msaada, nyingi zikiwa modeli moja, nusu zinawaka na nusu zimepangwa ukutani. Zilizokufa mara nyingi zimekufa pawasapulai au diski. RAM zao ni nzima kabisa, na zinafanana na za zile zinazowaka, kwa sababu zilikuja kwenye kontena moja.

Kaa na karatasi. Andika kila mashine: inawaka au la, ina RAM ngapi, za ukubwa gani, lebo inasemaje. Kisha fanya hesabu. Mashine kumi za GB 4 ambazo tano zake hazitawaka tena zinaweza kutoa tano za GB 8, bila kununua kitu. Toa RAM kwenye maiti, ijaribu kwenye mashine moja nzima kabla ya kuigawa, na yenye hitilafu iwekwe pembeni na alama nyekundu isije ikarudi kwenye mzunguko.

Kama mashine ni za shule, usifanye hivyo kimyakimya jioni. Ni mali ya umma, zina namba na ziko kwenye leja. Mkuu wa shule atoe ridhaa kwa maandishi, na kila RAM inayohama iandikwe imetoka mashine namba ngapi na kwenda ipi. Mkaguzi akija akakuta mashine imefunguliwa na haina RAM, maelezo ya mdomo hayatakusaidia.

Kwa kompyuta ya nyumbani, waulize mafundi simu na wenye stationery za Mwanga mjini kabla ya kufika Moshi. Wengi wana boksi la vipande vya mashine zilizovunjika vioo.

Hatua ya sita: dukani, au kwa basi

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zimepanda sana, kwa sababu watengenezaji wakubwa, yaani Samsung, SK hynix na Micron, wanaelekeza chipu nyingi kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Bei aliyokutajia ndugu yako mwaka juzi isahau. Uliza maduka matatu, na usione aibu kuchukua ya mtumba: RAM haina kitu kinachozunguka wala kuchakaa kwa matumizi ya kawaida, na iliyofanya kazi miaka mitano bila kosa ina nafasi kubwa ya kufanya kazi mingine mitano.

Kama una sloti mbili, vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, maana prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja. Faida yake huonekana zaidi kwenye mashine ambazo picha zinatengenezwa na prosesa yenyewe, nazo ndizo nyingi. Lakini kama unajua mwakani utataka GB 16, nunua kimoja cha GB 8 sasa uache sloti wazi. Vipande vya kasi tofauti vikikaa pamoja, vyote hufuata kile cha polepole; si kosa, ni kasi tu inayopungua.

Beba kompyuta ukiweza, ijaribiwe pale pale kaunta. Ukiagiza Kariakoo kwa simu, omba picha ya lebo nzima ya kipande kile kile utakachotumiwa, si picha ya mtandaoni, na mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi kwamba kisipofanya kazi kinabadilishwa. Nusu ya pesa itangulie, nusu ifuate ukishapima. Muuzaji anayeiamini mali yake huwa anakubali. Basi za Arusha zinapita Same na Mwanga, kwa hiyo kifurushi kipo njiani tu. Sisitiza kifungwe ndani ya boksi gumu. RAM iliyotumwa ndani ya bahasha ikakaliwa na gunia la mchele haifiki nzima.

Hatua ya saba: kuifunga

Hifadhi kazi. Zima kompyuta huku umeshikilia Shift unapobofya "Shut down", ili Windows izime kabisa na isilale nusu. Chomoa chaja, toa betri. Betri ikiwa ya ndani, chomoa plagi yake kwenye mazabodi mara ufunguapo kifuniko. Kwenye ThinkPad nyingi unaweza kuizima kwenye BIOS kwa chaguo la "Disable built-in battery". Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi na tano ili chaji iliyobaki itoke.

Sasa umeme tuli. Hali ya hewa ya Ugweno inakusaidia, kwa maana hewa yenye unyevu haijengi chaji nyingi mwilini. Tambarare ya Same wakati wa kiangazi ni hatari zaidi, hewa ni kavu na cheche unaisikia ukigusa mlango wa gari. Lakini huku kwenye baridi ya Julai tunavaa sweta la sufu, nalo hutengeneza chaji ya kutosha kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Vua sweta. Fanya kazi juu ya meza ya mbao, si juu ya blanketi wala mkeka wa plastiki. Kila unapoondoka na kurudi, gusa chuma kisichopakwa rangi kabla ya kugusa RAM. Ishike kwa kingo zake, vidole visifike kwenye dhahabu.

Unyevu nao una ubaya wake: unachafua mguso. Dhahabu ikiwa imefifia, isugue taratibu kwa ufutio mweupe laini, upanguse vumbi lake kwa brashi kavu. Isopropili waliyonayo mafundi simu ni nzuri zaidi. Konyagi si badala yake, wala usipulize kwa mdomo. Mate yanaingia kwenye sloti.

Ya mpakato huingia kwa mshazari. Linganisha pengo na kigingi cha sloti, sukuma kwa pembe ya kama nyuzi 30 mpaka dhahabu iwe karibu kupotea yote, halafu laza chini mpaka vishikizo vya pembeni vifunge kwa mlio. Watu wengi huilaza kabla haijazama, na vishikizo vinafunga vivyo hivyo. Ukiona mstari mpana wa dhahabu bado unaonekana, itoe urudie. Ya mezani huingia wima: fungua vishikizo, bonyeza ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka vijifunge vyenyewe. Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani, lakini ikikataa kabisa, tazama pengo tena.

Rudisha betri na chaja, lakini usirudishe skrubu zote bado.

Hatua ya nane: kuwasha, na subira

Mara ya kwanza kioo kinaweza kukaa cheusi kwa nusu dakika au zaidi. Mashine za DDR5 huchukua hata dakika kadhaa, zinaizoea RAM mpya. Usizime kwa pupa. Baadhi ya mashine zitaandika kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, kubali uendelee.

Ikilia milio mfululizo, au taa ikimetameta na kioo hakiji, zima, toa umeme, toa RAM uirudishe. Bado? Weka ya zamani peke yake. Ikiwaka, weka mpya peke yake kwenye sloti ile ile. Ikigoma hapo, ni RAM yenyewe au ni ya aina isiyokubalika. Ikiwaka, ihamishie sloti ya pili. Ikigoma huko, sloti ndiyo mbovu na hujapoteza pesa ya RAM.

Ikiwaka, rudi Task Manager uhakikishe kiasi kimesomeka chote. Kisha ipime, hata kama inaonekana nzima. RAM yenye kasoro ndogo haizuii kompyuta kuwaka. Inaharibu faili la matokeo wiki tatu baadaye, au inaleta kioo cha bluu bila sababu, na kufikia hapo muuzaji hakukumbuki. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched, kubali kuwasha upya. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Iache usiku kucha, mpakato ukiwa na betri yake na chaja vyote viwili, ili umeme ukiyumba usikatishe kipimo. Kosa moja tu, hata moja, linatosha kuirudisha RAM dukani. Hakuna RAM yenye makosa machache yanayovumilika.

Ile uliyoitoa usiitupe kwenye droo moja na sarafu. Ifunge kwenye ule mfuko wa kijivu uliokuja na mpya, au kwenye foili ya jikoni, na ubandike karatasi juu yake: ukubwa, aina, imetoka mashine gani, inafanya kazi.